Kaba la Kanzu na Shingo Iliyopona

Mjomba wangu ni fundi wa kanzu katika Mji wa Kale wa Mombasa, na kwa muda wa zaidi ya miaka 40 amekata na kushona makaba ya wanaume wa mtaa wake, wazee kwa vijana, bila ya kusikika lalamiko kwamba kanzu ya fulani inambana shingo au inampwaya. Basi alfajiri moja, alipovaa kanzu aliyojishonea kwa mkono wake mwenyewe ili aende msikitini, na kifungo kikakataa kukifikia kitanzi chake, kitu cha kwanza alichokishuku kilikuwa kitambaa. Alidhani kimerudi kwa kufuliwa. Akaivua, akavaa ya pili, nayo ikamfanyia yale yale. Lakini baada ya sala ya alasiri siku hiyo hiyo, alipoirudia ile kanzu ya kwanza, kifungo kiliingia kitanzini kwa wepesi kama siku zote. Akachukua futi yake, akajizungusha shingoni, akaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia: alasiri, inchi 15 na nusu. Kesho yake alfajiri akapima tena, na chaki ikaandika inchi 16 na robo.

Huo ulikuwa mwezi wa nne tangu amalize matibabu ya saratani ya koo. Alikuwa amepasuliwa shingo upande wa kushoto na kuondolewa mitoki, kisha akapigwa mionzi kwa majuma 7, na mwisho wa yote akaambiwa kwamba amepona, arejee nyumbani, aje baada ya miezi mitatu kuangaliwa. Neno hilo la kupona lilikuwa la kweli, na sisi jamaa zake tulilipokea kwa sijida ya shukrani. Walakini katika hospitali ile, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa hapa, hakutokea hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba shingo iliyopona saratani yaweza kuvimba baada ya tiba, na kwamba uvimbe huo ukiachwa hugeuka ugumu, na ugumu ule ukizoea mahali pake hauondoki kwa urahisi. Ninaandika makala haya kwa sababu ya kimya kile. Rai yangu ni kwamba uvimbe na makovu yanayofuata tiba ya saratani za kichwa na shingo ni sehemu ya maradhi yenyewe, yastahili kutajwa siku ile ile maradhi yanapotajwa na kutibiwa kwa bidii ile ile; na kwamba tiba yake, kwa sehemu kubwa, ni elimu na mikono, vitu viwili ambavyo umaskini wetu haujatunyima.

Ili msomaji aone jambo hili lilivyo, na tuanze na maji ya mwilini. Damu inapopita katika mishipa iliyo midogo kabisa huvujisha maji yenye chembe za protini, nayo maji hayo hulowesha nyama na kuzilisha. Sehemu kubwa hurudi katika damu, na yale yanayosalia huzolewa na mirija myembamba ajabu iitwayo mirija ya limfu, yakapitishwa katika vifundo tuviitavyo mitoki ili yasafishwe, kisha yakamwagwa tena katika mshipa mkubwa wa damu ulio chini ya mtulinga. Mwaka 1622, tabibu wa Kiitaliano Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyekuwa ameshiba, akaona tumboni mwake nyuzi nyeupe alizozidhania kuwa mishipa ya fahamu, hata alipoukata mmoja ukatoka maji meupe kama maziwa. Toka hapo wataalamu wakaanza kuifuatia mirija hiyo mwili mzima. Na katika mwili mzima pamekuwa haba mahali palipojaa mitoki kama shingo: karibu theluthi moja ya mitoki yote ya binadamu imekusanyika pale, baina ya taya na mtulinga, karibu na kinywa na pua ambako vijidudu huingilia.

Sisi watu wa pwani tunayajua yatokeayo mirija hii inapoharibika, kwa kuwa tumeyaona katika miguu ya wazee wetu tangu zamani, tukayaita matende. Mnyoo mdogo uletwao na mbu hukaa ndani ya mirija ya limfu, mirija ikaharibika, maji yakakosa njia, mguu ukavimba. Mwanzo ukibonyezwa kwa kidole hubaki shimo, na miaka ikipita ngozi hunenepa na kukakamaa hata kidole kisiache alama. Yaliyompata mjomba wangu ni ndugu wa matende, ila mharibifu hapa ni kisu na mionzi, vitu vile vile vilivyomwokoa maisha yake. Kisu huondoa mitoki kwa sababu saratani hupenda kujificha humo. Mionzi huunguza mbegu za saratani zilizosalia, lakini haiwezi kupita shingoni bila ya kuigusa mirija, mishipa midogo ya damu, ngozi na misuli iliyo njiani.

Dozi ya kawaida ya mionzi kwa wengi wa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo ni grei 70, zigawanywazo katika vikao 35, siku 5 kwa juma. Mgonjwa hulazwa chali, akafunikwa uso na mabega kwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yake mwenyewe, nayo barakoa ikakomewa mezani ili asitikisike hata kwa upana wa ukucha. Mjomba aliniambia kwamba baada ya kila kikao aliondoka na alama za matundu ya barakoa mashavuni, na kwamba katika majuma ya mwisho alama zile zilikawia kufutika mpaka adhuhuri. Hiyo ilikuwa ishara, lau angalikuwapo wa kuisoma. Tiba ikishakwisha, kazi ya pili huanza polepole bila ya mtu kuitambua. Chembe za mwili zenye wajibu wa kuunga jeraha huchochewa na mionzi kufuma nyuzi za kolajeni, uzi ule ule ufanyao kovu. Katika jeraha la kawaida kazi hiyo ina mwisho wake, lakini katika nyama iliyopigwa mionzi amri ya kuacha hukawia au isifike kabisa, ufumaji ukaendelea kwa miezi, pengine kwa miaka, hata palipokuwa laini pakawa pagumu kama ngozi iliyowambwa ngomani. Tena maji yaliyotuama, kwa hizo protini zilizomo, huamsha harara ndani ya nyama, na harara huzidisha kovu. Kovu nalo huibana mirija michache iliyosalimika, na mirija ikibanwa maji huzidi. Uvimbe huzaa kovu na kovu huzaa uvimbe, na achelewaye kuingia kati huyakuta mambo yamekwisha kazana.

Wala wapatwao si wachache. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, walitoa habari za wagonjwa 81 waliotibiwa saratani za kichwa na shingo, na robo tatu yao walikuwa na uvimbe wa namna hii baada ya tiba kwisha. Tena kwa wengi wa waliovimba, uvimbe haukuwa wa nje peke yake, ulikuwa wa ndani pia. Uvimbe wa nje humdhihirikia kila mtu, chini ya kidevu, mashavuni na shingoni, mzito wakati wa alfajiri kwa sababu mgonjwa amelala usiku kucha na maji hayakuteremka, mwepesi jioni baada ya kusimama na kutembea. Uvimbe wa ndani hukaa kwenye shina la ulimi, koromeo na zoloto, mahali ambapo jicho la jamaa halifiki, na tabibu mwenyewe huuona kwa kupitisha kamera nyembamba puani. Mwenye uvimbe huo hupaliwa na maji, sauti humkauka, chakula kikamkwama. Na pengine tonge huteremkia njia ya pumzi asikohoe hata kidogo, likamletea homa ya mapafu ambayo hapana mtu aihusishaye na saratani iliyokwisha ondoka.

Nyumbani mambo haya huja kwa sura nyingine. Katika desturi yetu wanaume hula pamoja katika sinia moja, na mjomba alikuwa mtu wa sinia, mwenye hadithi zilizowafanya wengine wasahau kunawa mikono. Baada ya tiba, mdomo wake ukakauka mate, na taya likakataa kufunguka zaidi ya upana wa vidole viwili, ilhali mtu mzima mwenye afya aghalabu huweza kutia vitatu. Matabibu huhesabu kuwa taya limefungika pale ambapo upana huo umepungua hata usifike milimita 35. Tonge lake likawa dogo, akalitafuna muda mrefu, akalisindikiza kwa maji, na wenzake wakishamaliza yeye yungali mwanzo. Hakuna aliyemcheka. Lakini mwezi wa Ramadhani, jioni ya tatu, nilimkuta ameketi peke yake barazani kwa kisingizio cha kumngoja mtu, mkaza mjomba akimletea uji katika bakuli, na tende moja aliyofuturia ilikuwa bado imo shavuni mwake, hailainiki.

Siku nyingine niliswali ubavuni pake. Alipoinua mikono kwa takbira, mkono wa kushoto ulikomea chini ya bega, kwa maana mshipa wa fahamu unaoliinua bega hupita katikati ya mitoki ya shingo, na mara nyingi hudhurika mitoki inapoondolewa. Na alipotoa salamu mwisho wa sala hakuweza kuigeuza shingo, akageuza kifua kizima, kulia kisha kushoto, kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni. Alipomaliza dua aliniangalia, akaniambia: "Mjomba, Mungu hataniuliza shingo. Lakini mimi naiuliza."

Insafu yataka tuseme kwamba waganga hawakulala. Mwaka 1906 George Crile, mpasuaji wa Cleveland huko Marekani, alieleza namna ya kuondoa kwa pamoja mitoki yote ya upande mmoja wa shingo, na pamoja nayo msuli mkubwa wa shingo, mshipa mkuu wa damu na mshipa wa fahamu wa bega. Wakapona watu ambao zamani wangalikufa, ila bega liliporomoka na shingo ikakakamaa. Mwaka 1963 Osvaldo Suárez wa Argentina akaonyesha kwamba mitoki yaweza kutolewa huku msuli, mshipa wa damu na ule wa fahamu vikisalimishwa, na njia hiyo ikaenea duniani. Mionzi nayo imetiwa adabu: mashine za leo zaweza kuigawa nguvu ya miale kwa vipimo mbalimbali ifuate umbo la saratani na kuziepuka tezi za mate, na majaribio yaliyofanywa Uingereza, yaliyotangazwa mwaka 2011, yalithibitisha kwamba njia hiyo hupunguza ukavu wa mdomo. Kwa hiyo si kweli kwamba madhara ya tiba ni kadari isiyo na dawa. Mafundi wa kisu na wa mionzi wamekwisha kubali kwamba kupona kuna daraja zake, nao wakajitahidi kumpandisha mgonjwa daraja moja juu. Kilichosalia ni sisi tumpokeao mgonjwa huyo akishatoka mikononi mwao.

Na sasa nije kwenye mikono. Katika miaka ya 1930, Emil Vodder wa Denmark pamoja na mkewe Estrid, waliokuwa wakifanya kazi Cannes, Ufaransa, walibuni namna ya kuisukuma limfu kwa viganja, na mwaka 1936 wakaitangaza Paris. Siri yake ni wepesi. Mkandaji wa kwetu huzamisha kidole gumba mpaka akahisi mfupa. Hapa ngozi huvutwa tu, polepole, kama mtu anyooshaye melimeli juu ya meza asiache kunjo, kisha ikaachiliwa irudi yenyewe, maana mirija ya limfu imelala chini kidogo tu ya ngozi, na mkono mzito huibana badala ya kuifungua. Tena kazi haianzii penye uvimbe. Hutangulia kifuani na kwapani, ili njia za mbele ziwe wazi, ndipo mkono ukapanda shingoni na usoni na kuyateremsha maji kuelekea kule kulikokwisha funguliwa. Hapana mkulima mwenye akili afunguaye bwawa kabla ya kuzibua mfereji.

Mjomba alikutana kwa bahati tu na mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeijua kazi hii, naye, baada ya kuhakikisha kwa daktari kwamba saratani haikurudi, akamfundisha mkaza mjomba katika vikao vichache. Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya chai, mkaza mjomba huketi nyuma ya mumewe, akaanza chini ya mitulinga miwili, akahesabu kwa sauti ya chini, akapanda. Kichwa cha kitanda kiliinuliwa kwa matofali. Mjomba, kwa kuwa ni fundi, alijishonea mwenyewe ukanda laini wa kukishika kidevu, kwa kipimo alichopewa na mtaalamu yule, usiobana koo, akawa anauvaa kwa saa chache nyumbani. Kwa ajili ya taya alipewa vijiti bapa, vile vya kukandamizia ulimi, akavipanga kimoja juu ya kimoja baina ya meno, akiongeza kimoja kila alipoweza. Na ili asisahau mazoezi ya shingo na bega, aliyaunganisha na sala tano: akishatoa salamu hubaki pale pale mswalani, akageuza shingo kulia mpaka ikatae, akahesabu, akageuza kushoto, akainua bega, akameza mate machache aliyo nayo kwa nguvu zote kama alivyofunzwa. Baada ya nusu mwaka chaki ya alfajiri iliandika inchi 15 na robo tatu, na taya likakubali vidole viwili na nusu. Hakurudi kuwa alivyokuwa, wala sitaki kumdanganya msomaji. Bega lake halikupanda zaidi. Ila amerudi kwenye sinia, na wenzake wamejifunza kula taratibu.

Hapa sina budi kutoa hadhari. Shingo ya namna hii isipigwe chuku, isichanjwe chale, isikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa kwa nguvu na mkandaji asiyejua habari zake, hata akiwa hodari wa migongo na nyonga. Mahali palipopungukiwa na mitoki pana udhaifu wa kupigana na vijidudu, na mkwaruzo mdogo waweza kuwasha ngozi nzima. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, na homa ikaja, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika, kifundo kigumu kilichozuka upya, au uvimbe uongezekao upande mmoja usiopungua jioni, uonwe na daktari kabla ya mkono wowote kuugusa, kwa kuwa yamkini saratani imerudi. Na pumzi ikianza kukoroma au kubana, hilo si jambo la kungojea asubuhi.

Najua nitajibiwa kwamba nchi zetu zina uhaba wa mashine za mionzi, kwamba wagonjwa wengi hufika maradhi yamekwisha komaa, na kwamba mahali ambapo watu hungoja zamu ya kuokolewa maisha si mahali pa kushughulikia mashavu yaliyovimba. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini na tuitazame habari ya matende. Tanzania ilianza mwaka 2000, kisiwani Mafia, kugawa dawa za kumkomesha mnyoo yule. Na kwa kuwa dawa haiurejeshi mguu uliokwisha haribika, wenye matende hufundishwa kuuosha mguu kwa maji na sabuni kila siku, kuukausha baina ya vidole, kuuinua na kuuchezesha. Mafundisho hayo hayana mashine. Kuna mtu ajuaye na mtu atakaye kujua, na beseni la maji kati yao. Shingo nayo yataka hayo tu, pamoja na mtu wa kuanzisha mazungumzo.

Basi haya ndiyo niyaombayo kwa wenye mamlaka ya hospitali zetu. Kabla ya kikao cha kwanza cha mionzi, mgonjwa aelezwe yatakayomkuta, apimwe shingo kwa futi na mdomo kwa rula, vipimo viandikwe, na aanze mazoezi ya kumeza na ya taya wakati angali anaweza, kwa sababu misuli ya kumezea isiyotumika hunyauka. Kila arudipo kuangaliwa, vipimo vile virudiwe; kazi hiyo haifiki dakika tano. Kila hospitali itibuyo saratani hizi iwe na muuguzi mmoja au mtaalamu wa viungo aliyefundishwa kazi hii barabara, na kila mgonjwa aende nyumbani na jamaa mmoja aliyeionyeshwa kwa mikono yake. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008 kuwasomesha wataalamu wa usemi na umezaji. Vyuo vingine vya Afrika Mashariki vifuate, na serikali ziwaajiri wahitimu hao pale walipo wagonjwa. Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Mjomba alirudi nyumbani na karatasi mbili za Kiingereza, akazitunza kwa heshima ndani ya msahafu, na hakuna aliyemsomea.

Namba za chaki hazidumu juu ya meza ambayo vitambaa hupita kutwa kucha, kwa hiyo mjomba alizihamishia katika daftari la wateja, katika ukurasa wenye jina lake, kama mteja mwingine yeyote. Juma moja kabla ya Idi nilikuwa dukani kwake alipoingia mtu wa makamo nisiyemjua, mwenye kovu refu lililoanzia nyuma ya sikio na kupotelea ndani ya kola. Aliweka kanzu mezani, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba kaba linambana, tena anaharakishwa na sikukuu, basi fundi amtanulie. Nilimwona mjomba akiinua mkasi, kisha akauweka chini. Akachukua futi, akalifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akamwita mkewe kwa sauti atoke ndani, ndipo akamgeukia mtu yule, kifua kizima, akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuulizwa popote: "Hebu niambie, ndugu yangu, lakubana alfajiri tu, au mchana kutwa?"